Kitako cha Kuku wa Jumapili

Simu ililia ndani ya mfuko wa aproni. Voahirana akamwacha kuku kwenye karai la maji ya moto, akajifuta mikono iliyojaa manyoya, akaitoa. Kumbe ni kampuni ya simu inamtangazia bahati nasibu. Akairudisha. Akaitoa tena, akahakikisha sauti iko juu, akairudisha.

"Ukiendelea hivyo tutakula manyoya," mama yake alimwambia kutoka upande wa jiko. "Mtu mwenyewe si anakuja leo? Atakwambia kwa mdomo wake."

Mtu mwenyewe alikuwa Profesa Ratsimbarison, mkuu wa idara ya mimea chuoni. Wakati wa mvua, Voahirana, akiomba kazi ya kudumu, alifundisha somo la majaribio mbele ya jopo, na profesa akasema, "Safi sana, tutakupigia." Tangu hapo nyumba nzima iliishi kwa neno hilo. Sasa ni Julai, baridi ya nyanda za juu za Madagaska inapenya hadi mifupani, na simu haijapigwa. Miaka saba amekuwa mwalimu wa saa, analipwa kwa vipindi anavyofundisha: akiugua, hana saa, chuo kikifungwa, hana saa. Kila asubuhi alipanda mlima kutazama ubao wa matangazo wa chuo. Siku nyingine aligeuka njiani akapanda tena, maana huenda wamebandika alipowapa kisogo. Ulikuwa wazimu, naye alijua.

Mama hakuwa na wasiwasi wowote. Majirani alikwisha kuwaambia kwamba binti yake kapata kazi. Na ili kushukuru, alimwalika profesa chakula cha mchana, akachinja kuku wake pekee aliyekuwa bado anataga. Kushukuru kabla ya kupewa ndilo kosa letu watu wa milimani. Tunadhani aliyekula kwako hawezi kukunyima.

Profesa hakuja peke yake.

"Huyu ni mpwa wa mke wangu, Dakta Tsiory. Juzi tu katoka Ulaya."

Tsiory aliwaamkia kwa adabu, akaisifu nyumba, akahangaika kutafuta pa kuiweka miguu yake mirefu. Hakuwa mtu mbaya, na baadaye hilo ndilo lililomuudhi Voahirana zaidi.

Mama akapakua wali. Akaupekua mchuzi kwa mwiko, akatoa kile kipande chenye mafuta na kukiweka juu ya wali wa profesa. Wengine huwatunzia wazee wao firigisi. Kwetu heshima yote ya kuku iko kitakoni. Hukila baba wa nyumba, au mgeni mkubwa, na mkubwa akitaka kumwinua mdogo, humpa.

"Mama, umenipa heshima," alisema profesa. Akakichota kile kitako kwa kijiko, akanyoosha mkono juu ya meza. Bila kujijua, Voahirana akasogeza sahani yake mbele kidogo.

Mkono ulimpita. Ukatua kwenye sahani ya Tsiory.

"Leo tumbariki mwalimu wetu mpya."

Mwiko wa mama uligonga sufuria.

"Mwalimu mpya wa nini?" Voahirana aliuliza.

"Wa mimea. Tangazo litabandikwa kesho. Nimeona heri mlisikie kwangu, kindugu, kuliko kwenye ubao."

"Maombi yangu mliyasoma, Profesa?"

"Tena yalikuwa ya kwanza."

"Kwa alama?"

"Kwa kufika." Akacheka, asipate wa kucheka naye. "Binti yangu, wewe ni wa nyumbani. Tukikuchelewesha, bado upo. Huyu tusipomshika, anarudi huko alikotoka. Nafasi nyingine zitakuja. Halafu yale maandishi yako ya mimea ya msituni, mwachie ayapitie, eh? Wanafunzi wameyazoea."

Voahirana aliweka kijiko chini ili amjibu. Lakini mgeni aliye mezani hatupiwi neno, na profesa, mzaliwa wa milima hiihii, alilijua hilo vizuri kabla hajavuka kizingiti. Akamtazama mama yake. Mama alikuwa bado anatabasamu, macho makavu.

"Ongeza wali, Profesa," alisema mama.

Wageni wakala, wakanywa maji ya ukoko yaliyochemshwa kwenye sufuria ya wali, wakaaga kwa baraka nyingi. Mlangoni profesa alimshika Voahirana bega.

"Barua rasmi utaletewa. Wewe subiri tu."

Mama akakusanya vyombo. Ukingoni mwa sahani ya Tsiory kitako kilikuwa palepale, kizima, mafuta yameganda. Hakukigusa hata kwa ncha ya uma. Mama akakisukumia upande wa binti yake.

"Kula, mwanangu."

"Sili makombo, Mama."

"Makombo ya nani? Kuku alikuwa wangu."

Simu ikalia. Voahirana aliivuta mbiombio hata ikataka kumponyoka. Alikuwa mwanafunzi wake, ameandika: Mwalimu, kesho kipindi kipo?

Kipo, akajibu, akairudisha simu mfukoni. Kisha akaitoa tena, akahakikisha sauti iko juu.