Maziwa ya Kulwa

Nyamizi alipewa kikombe kimoja cha maziwa, na midomo iliyokisubiri ilikuwa miwili. Wanawe pacha, Kulwa na Doto, wote walikuwa wamevimba miguu na nywele zimegeuka nyekundu kama ndevu za mahindi. Njaa ya mwaka ule iliwapiga sawasawa. Daktari Mwingereza aliyekuja kijijini Lusu na hema lake la utafiti ndiye aliyewatenganisha: Kulwa anywe maziwa, Doto ale uji mtupu wa mtama, kisha wapimwe kwenye mizani, ijulikane maziwa yanatibu nini hasa.

Nyamizi akamnywesha Kulwa nusu, nusu akampelekea Doto. Kwa Wanyamwezi pacha hapewi kitu peke yake. Huyu akivikwa ushanga, na yule huvikwa. Raymundi, dresa aliyemsaidia daktari kutibu na kutafsiri, akamdaka mkono.

"Mama Kulwa, unaharibu kazi ya watu."

"Ni pacha, baba. Utampaje mmoja?"

Raymundi alikuwa Mnyamwezi mwenzake, hakuhitaji kuelezwa. Akamtafsiria daktari, naye akajibu bila kuinua uso.

"Anasema kama hutaki, basi wakose wote."

Nyamizi akatii. Kila asubuhi alimfunga Doto mgongoni asione, akamnywesha mwenzake kwenye benchi la hemani. Lakini Doto alisikia mwenzake akimeza. Mwanzoni alilia, baadaye akaacha. Makopo ya maziwa yalikuwa yamepangwa humo hemani mpaka yanagusa turubai. Nyamizi alimchukia daktari, akajichukia mwenyewe zaidi, na miguu ya Kulwa ikaanza kunywea.

Doto alikufa Jumapili. Hapakuwa na kilio, kwa kuwa kwa mila zao pacha haliliwi. Kesho yake akambeba Kulwa mpaka hemani.

"Pole, mama," alisema Raymundi, amesimama mlangoni.

"Nimemleta anywe."

"Maziwa yake yamekatwa. Daktari anasema huyu alikuwa akilinganishwa na mwenzake. Sasa mwenzake hayupo, hakuna tena cha kujifunza kwake."

"Makopo yamekwisha?"

Raymundi akatazama pembeni. "Yapo."

Kulwa aliponyoka mikononi mwa mama yake, akapita katikati ya miguu ya dresa, akaenda kukaa kwenye benchi alilozoea. Akapanua mdomo, akangoja.