Posa ya Kazija

Abdulatifu, karani wa boma la Mwingereza hapo Lindi, alikuwa hakai, hasimami. Wazee watatu wa Kimwera walikuja kumposa binti yake Kazija, na tangu wamalize kahawa walikuwa wakinong'onezana kwa lugha yao, mbele ya macho yake! Hakuambulia hata neno. Kimwera ni lugha ya mkewe, lakini alikipiga marufuku nyumbani tangu Kazija alipoanza kusema. Lugha ya shamba hiyo, mtoto wa karani ataipeleka wapi?

Akamfuata mkewe jikoni. "Wanasemaje hao?"

Mwanasha akaendelea kuchochea kuni. "Miaka kumi na saba umenikataza lugha hiyo, baba Kazija. Leo waniuliza mimi?"

Akarudi ukumbini, jasho linamtoka. Minong'ono haikukoma. Mara, nyuma ya pazia, sauti ya Kazija ikapenya, ya adabu, Kimwera kinamtiririka kama maji. Wazee wakageukia pazia. Kisha mkubwa wao akajipiga paja akacheka, akamjibu, naye binti akajibu. Huko jikoni Mwanasha akapiga kigelegele.

Abdulatifu akageuza shingo huku na huku, akichekea asichokijua.

"Hofu yetu ilikuwa mama wa kijana wetu," mzee akamwambia kwa Kiswahili. "Kiswahili hajui, tukasema huyu mkwe wataongea naye nini? Basi yamekwisha." Akamsogezea nafasi mkekani. "Karibu, bwana. Keti, usijione mgeni."