Nukta Moja, Nukta Mbili

Ukimwambia jirani kwamba siku hizi unatengeneza kifaru, atakuuliza pembe iko wapi. Ndivyo mshona nguo wa chumba cha pili alivyomuuliza Fundi Saa asubuhi ile, alipopita mlangoni na kumkuta mzee mzima wa miaka sitini na sita ameinamia vipande vya plastiki, lenzi ya kutazamia saa ameibana kwenye jicho la kulia.

"Si kifaru wa porini," Fundi Saa alisema. "Kifaru cha vita. Pembe yake ndiyo hii." Akamwonyesha mzinga, kijiti cha plastiki kisichofika urefu wa kidole.

"Na utampa mjukuu gani?"

"Nampa mdogo wangu."

Mshona nguo akacheka, akarudi kwenye cherehani yake akijua ametaniwa. Hakutaniwa. Mdogo mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa, tangu utotoni anaitwa Kijiti kwa wembamba wake, na wakati huo alikuwa amelala kwa dada yao akisubiri kufa. Sukari ilikwishamla mguu mmoja, sasa imehamia kwenye figo, na daktari alisema wasihangaike tena kumrudisha hospitali. Dada alipiga simu na hakuzungusha maneno. "Kaka, kama una neno na Kijiti, njoo ulitoe. Siku zilizobaki ni za kuhesabu kwa vidole."

Neno alikuwa nalo, tena la miaka thelathini na nne. Kulitoa ndiko kulikomshinda. Kwa miaka yote hiyo walikutana misibani tu, wakasalimiana kama watu waliopangwa foleni moja, kila mmoja akaenda zake. Kila dada alipoanza habari za Kijiti, Fundi Saa alibadilisha mazungumzo, akauliza paa linavuja au halivuji. Dada naye alichoka, akaacha kumwambia.

Chanzo kilikuwa vifaru. Zamani ndugu hawa wawili walikaa chumba kimoja, na jioni zao zote ziliishia kwenye meza moja. Mkubwa alikata vipande, akavipiga msasa, akavigandisha, maana mkono wake ulikuwa wa fundi saa tangu akiwa kijana. Mdogo alipaka rangi. Watu walidhani wamegawana kazi kwa mapenzi tu. Ukweli ni kwamba mkubwa alizaliwa na macho yasiyotofautisha kijani na nyekundu. Kwake zote mbili zilikuwa rangi moja, ya chai iliyolala. Siri hiyo aliijua Kijiti peke yake. Hata mama aliwahi kumtandika kwa kuleta nyanya mbichi na hakujua kwa nini mtoto hasikii. Kijiti ndiye aliyebuni dawa: alipiga nukta kwa msumari juu ya vifuniko vya makopo ya rangi. Nukta moja, kijani. Nukta mbili, nyekundu ya kutu, ya kupakia mabomba ya moshi. Nukta tatu, vumbi, na kuendelea mpaka saba. Kaka mtu akitaka kusaidia kupaka, anapapasa kifuniko kwanza.

Walikuwa wamemaliza vifaru kumi na kimoja, vimejipanga rafuni kama gwaride, Fundi Saa alipoposa. Nafasi ilihitajika, ndiyo hoja aliyoitoa. Siku moja Kijiti yuko kazini, kaka mtu akakusanya vifaru vyote, akawagawia watoto wa mwenye nyumba. Kabla ya machweo vilikuwa vipande vipande uani, minyororo yake inaburutwa na paka. Kijiti aliporudi hakupaza sauti. Alilala pale usiku mmoja, asubuhi akafunga mzigo wake, na mlangoni akasema, "Rangi nakuachia." Basi. Fundi Saa alijua amekosa, alijua vizuri kabisa, lakini akajiambia kwamba mkubwa hamfuati mdogo. Boksi la kifaru cha kumi na mbili, kilichokuwa kimefika nusu, akalirusha juu ya kabati pamoja na makopo. Likakaa huko, hata kabati lilipobadilishwa likarudishwa juu ya jipya, mke akaja, watoto wakakua wakaondoka, mke naye akatangulia mbele ya haki.

Baada ya simu ya dada ndipo akalishusha. Mtu mwingine angevaa viatu akaenda. Yeye, kichwa kigumu, aliona hawezi kuingia mikono mitupu na lile neno asijue ataanzaje kulitoa. Akaona amalize kifaru, akipeleke, kiseme kwa niaba yake.

Vidole havikuwa vile vya zamani. Gundi ilimwagika pasipotakiwa, na gurudumu dogo kuliko kifungo cha shati lilimtoka mara tatu likaingia uvunguni, naye akalifuata kwa magoti akijitukana. Pingili tatu za mnyororo zilikuwa zimepotea. Akazichonga kutoka mkanda wa saa ya chuma ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Alipoona zimeingia sawasawa, alijikuta anapiga mluzi. Alikuwa amesahau kwamba jambo dogo kama hilo linaweza kumfurahisha mtu, na aliona haya kufurahi kwa sababu alijua kule kwa dada kuna nini.

Dada akapiga tena. "Kaka, mbona huji?"

"Nakuja. Nasubiri gundi ikauke."

"Gundi?"

"Nakuja, dada."

Makopo yote saba yangekuwa mawe, ndivyo alivyotarajia. Yalikuwa mawe matano. La nukta moja na la nukta mbili, rangi ya mafuta, yalikuwa yamebanwa kwa nguvu kuliko mengine, mpaka akayafungua kwa bisibisi, na chini ya utando mzito rangi ilikuwa bado maji. Akaliona hilo kama baraka. Akapapasa vifuniko kama alivyofundishwa, akakipaka kifaru chote nukta moja, mabomba ya moshi nukta mbili, akangoja siku nzima kikauke. Siku ya tano akakitia kwenye boksi la viatu, akaenda.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa na kitanda, kiti, beseni, na redio iliyozimwa. Kijiti alikuwa amelala chali, jina lake sasa limemkaa barabara. Macho yalikuwa wazi yakitazama dari, na hayakugeuka mlango ulipolia.

"Nani huyo?"

Hapo ndipo Fundi Saa alipoelewa. Alimtazama dada. Dada akajibu kwa sauti ya chini, "Mwaka wa tatu huu haoni. Hukuuliza."

"Ni mimi," Fundi Saa alisema.

Kaka mtu, kwa kukosa la kufanya, akatoa kifaru akakiweka juu ya viganja vya mdogo wake. Vidole vile vyembamba vikasita, kisha vikaanza safari: mzinga, kifuniko cha dereva, magurudumu moja moja, mnyororo.

"Cha kumi na mbili," Kijiti alisema.

"Hichohicho."

"Pingili tatu hizi si zake."

"Za mkanda wa saa."

"Ya mteja?"

"Hakurudi."

"Mwizi wewe." Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, na Fundi Saa akavuta kiti akaketi. Kijiti akaendelea kupapasa. "Umekipaka?"

"Kijani. Nukta moja, kama ulivyoandika."

"Makopo yaleyale?"

"Yaleyale."

Kijiti akaita, "Dada, hebu nitazamie. Kifaru hiki rangi gani?"

Dada alikuwa anainua beseni. Akawaangalia wote wawili kama wanaomchezea akili. "Si rangi ya tofali? Chekundu chekundu. Hivi vibomba vya nyuma ndivyo vya kijani. Kwani kaka hukioni?"

Fundi Saa aliona uso unamwaka. Kijiti akangoja mpaka nyayo za dada zikaishia jikoni.

"Nilivibadilisha vifuniko," alisema. "Asubuhi ile naondoka. Nikavipiga kwa kisigino cha kiatu vibane."

"Ili nichekwe."

"Ili uje." Alipumzika kidogo ndipo akaendelea. "Nilijua huwezi kumaliza wiki mbili bila kugusa gundi. Ungepaka, mkeo angekuuliza mbona kifaru chekundu, ungekuja mbio kunitukana. Na mimi ningekutukana kwa vifaru vyangu. Tukishatukanana, yangekwisha."

Fundi Saa alikumbuka kabati, na vumbi lililokuwa juu ya boksi, unene wa kidole.

"Si ungekuja wewe," alisema, na papo hapo akatamani kulimeza.

"Mimi ndiye niliyevunjiwa, kaka."

"Ulingoja mpaka lini?"

"Mwaka wa kwanza, mlango ukigongwa nilikuwa nakwenda kufungua mwenyewe. Halafu nikaoa, akawa anafungua mke."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kulitoa neno. Fundi Saa alifungua kinywa, akasikia pua inamwasha, akaogopa kulia mbele ya mdogo wake. Kijiti akamnyooshea kifaru, kwenye upande ambao hakuwapo, naye akasogea akakipokea.

"Karudishe vifuniko mahali pake," Kijiti alisema. "Kipake upya, kijani cha kweli. Uje nacho kesho. Dada ataniambia kama kimekaa sawa."

"Kesho," Fundi Saa alisema. Na neno lenyewe akaliweka kiporo, litoke siku hiyohiyo ya kesho, kwa pamoja.

Asubuhi alitandaza gazeti mezani, akaweka kifaru, akaweka makopo mawili. Alivifungua vifuniko vyote viwili ili avibadilishane, akavilaza kando. Alikuwa ameshakishika kimoja simu ilipolia. Dada hakusema mengi. Alisema Kijiti aliamka vizuri, akaomba maji, akauliza saa ngapi, na alipoambiwa akasema basi kaka yuko njiani. Dada alipogeuka na kikombe, yamekwisha.

Fundi Saa alisema ndiyo, ndiyo, nakuja. Akaweka simu chini, akarudi mezani kufunika rangi, maana rangi haiachwi wazi, hilo lilikuwa mkononi mwake tangu zamani. Makopo mawili, wazi. Vifuniko viwili, kimoja kando ya simu, kingine chini ya mkono wake. Hakukumbuka alipokatizwa alikuwa ameshabadilisha au bado. Akavigeuza atazame upande wa ndani: chai iliyolala hapa, chai iliyolala pale. Akachungulia kopo moja, akachungulia la pili, akavaa lenzi kwa ujinga tu, kana kwamba tatizo lilikuwa udogo.

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inakwenda. Ingetosha kugonga, aseme mama, hebu nisomee rangi hizi. Angeulizwa kwani mzee huoni, na hilo alipata kulijibu kwa mtu mmoja tu maishani.

Akachukua kifuniko cha nukta moja, akakiweka kwenye kopo lililokuwa karibu. Akachukua cha nukta mbili, akakiweka kwenye lililobaki. Akavua kiatu, akavipiga kwa kisigino, kimoja kimoja, mpaka vikabana. Kama amekosea, hakuna tena wa kumngoja aje amtukane.

Akakivaa kiatu, akaenda msibani.