Watu 41 Wamemlilia Lavinia

Simu ililia nikiwa namlisha nguruwe. Ilisema: "Watu 41 wamemlilia Lavinia. Tazama sasa!"

Lavinia ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kwetu Tonga shangazi yuko juu. Mtoto wa kaka yake ni wa jikoni. Shangazi akifa, mimi ndiye wa kujifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochanika, vazi letu la msiba, na kusimamia shimo la mawe ya moto la kupikia. Msiba uliopita nilichelewa, na mpaka leo nasemwa.

"Fungua kwanza usome," mke wangu Kalolaine akasema.

"Nisome nini? Watu arobaini na mmoja washalia, mimi bado nalisha nguruwe!"

"Na huyo nguruwe humgusi. Ni wa Jumapili, wa meza ya mchungaji. Umeahidi mbele ya kanisa zima."

"Mchungaji atakula viazi vikuu. Maiti hangoji."

Nikamchinja.

Nilifika Nukunuku, kijijini kwa Shangazi, mkeka unaburutika chini, nguruwe nyuma ya gari, nalia kwa sauti tangu getini. Shangazi alikuwa barazani anakunywa chai.

"We Penisimani, kafa nani?"

"Wewe, Shangazi."

"Nani kasema?"

Nikampa simu. Akaibonyeza, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Alikuwa ameweka picha ya meno yake ya bandia yaliyotafunwa na mbwa, na watu wakambandikia vile vikatuni vya machozi. Basi. Mtandao ulipiga kelele ili nifungue, na mimi hata kufungua sikufungua.

"Nisamehe, Shangazi. Ngoja nirudi na huyu nguruwe, ni wa kanisa..."

"Arudi wapi? Umemleta kwenye msiba wangu. Ni wangu."

"Lakini hujafa!"

"Ndiyo raha yake. Nikifa mtamla ninyi."

"Na meno huna."

"Utanipondea. Si umevaa mkeka? Jiko liko nyuma."

Shangazi hakataliwi. Nilipika mpaka jua likazama.

Jumapili baada ya ibada meza yetu ilikuwa na viazi vikuu na nyama ya kopo. Mchungaji akatazama huku na huku, akauliza nguruwe yuko wapi.

"Ameliwa msibani," Kalolaine akajibu.

"Poleni sana. Kafariki nani?"

Kalolaine akaelekeza kidevu kwenye kiti cha mbele, ambako Shangazi alikuwa anaomba aongezewe chai.