Hajafika

Asubuhi ya mbio, fundi matanga alikuwa na viraka vitatu vya kumaliza kabla ya saa nne, na cherehani yake ilikuwa imeamua kukata uzi. Aliitukana kidogo, akaifungua, akapuliza vumbi, akaendelea. Chumba chake kilikuwa juu ya ofisi ya chama cha mashua, na dirisha lilitazama mstari wa kumalizia: boya jekundu upande huu, na upande ule jabali refu waliloliita Jino. Wanamashua walipanda ngazi mmoja mmoja kuchukua matanga yao, na kila mmoja aliulizia hali ya binti.

"Hajambo," alijibu. "Jana alikuwa na kikohozi."

Binti huyo, kitinda mimba wake, ambaye watu walimwita Kitinda tu, alikuwa mbioni kwa mwaka wa tano. Aliondoka siku ya mbio za mwaka ule wa kwanza pamoja na wenzake kuzunguka kisiwa na majabali yake, peke yake katika mashua ndogo ya tanga moja, namba kumi na tisa. Nyumbani alikuwa mbishi, na majini alijua kubisha vilevile, kwenda upande huu na upande ule mpaka upepo wa mbele ukubali. Saa kumi na moja, wakati wa kufunga daftari, wote walikuwa wamerudi isipokuwa yeye.

Kanuni ilikuwa wazi: boti ya uokoaji itatumwa kwa yeyote ambaye hakufika. Lakini boti yenyewe ilikuwa moja, na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kukaa ndani yake, mkoba mapajani, akisubiri kuvushwa kwenda kwake kabla chakula hakijapoa. Mwenyekiti alijikuna shingo. Kisha akamwambia karani asiandike "hakufika". Aandike "hajafika", wafunge.

Karani aliandika. Alikuwa shemeji wa fundi matanga, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole ambaye hata paka wa ofisini alikuwa akimpigia kelele.

Kuanzia kesho yake, kila siku saa kumi na robo, Kitinda alitokea nyuma ya Jino, akabisha mara mbili, akanyoosha kuelekea boya. Zilipobaki hatua themanini, hazikupungua tena. Tanga lilijaa, maji yakapasuka mbele ya mashua, na hatua zikawa themanini mpaka jua lilipozama na yeye asionekane. Waliomwendea kwa makasia walizikuta themanini zao pia, wakarudi kwenye shughuli zao. Ilieleweka kwamba kazi hiyo ni ya boti ya uokoaji.

Sauti yake ilifika bila shida. Mama aliweka kiti dirishani.

"Umekula?"

"Bado, mama. Nikifika."

"Huo mshono wa chini unaachia."

"Nimeuona. Nitakuletea uurudie."

Mwaka wa pili, karani alishindwa kulala na neno lake. Alilifungua daftari mchana kweupe mbele ya shemeji yake, akalikata lile neno, akaanza kuandika lililo sahihi. Alipofika "haku", tanga la namba kumi na tisa lilipauka, na jabali likaonekana kupitia kifuani mwa Kitinda. Mama alimkamata karani mkono kwa nguvu za mtu aliyevuta turubai miaka thelathini. Wakakwangua wino kwa wembe, wakarudishia la zamani. Hawakulizungumzia tena jambo hilo, ila tangu siku hiyo mama alijua bei ya kusahihisha.

Sasa, mchana wa mbio za tano, viraka vimekwisha, alishuka ofisini na ombi lake la kila mwaka.

"Mwenyekiti, leo boti ikamchukue mwanangu. Hatua themanini tu."

"Mama, boti ni ya wale ambao hawakufika," mwenyekiti alisema kwa upole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. "Binti yako bado yumo mbioni. Tukimvuta kwa boti tunamtoa mashindanoni. Unataka tumwonee?"

"Basi andikeni amefika."

"Tuandike amefika, na mwenyewe ndiye yule pale?"

Alimwonyesha dirishani. Ilikuwa saa kumi na robo, na Kitinda alikuwa akibisha mbele ya Jino, shati lile lile la mistari, mkono kwenye usukani. Hasira ilimpanda mama mpaka masikio yakapata moto, lakini naye alitazama dirishani. Yule pale alikuwa ndiye.

Mashua za mwaka huo zilifika moja moja, zikimpita Kitinda kushoto na kulia, na wenyewe wakamsalimu kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu. Kila aliyekata mstari alipigiwa kengele. Karani aliinamia daftari hadi pua ikagusa karatasi, kisha akainua kichwa.

"Shemeji, macho yangu yamekwisha. Mistari yote naiona mmoja. Niandikie."

Mwenyekiti hakuona ubaya, maana mwandiko wa mama ulikuwa mzuri. Mama aliandika "amefika" mara ishirini na mbili. Ukabaki mstari wa namba kumi na tisa, ambao ulihamishiwa kila ukurasa mpya, na saa ya ukutani ikagonga kumi na moja. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kukaa ndani ya boti ya uokoaji, mkoba mapajani.

Mama aliishika kalamu, akatazama nje.

"Kitinda!"

"Naja, mama. Kidogo tu."

Mkono wake ukaandika "haja", ukatulia, ukamalizia. Akalipuliza lile neno likauke, na akalia huku akipuliza, bila kujificha. Karani akamsogezea leso.

Boti ya uokoaji iliwasha injini, ikapita karibu kabisa na namba kumi na tisa. Wimbi lake liliirusha ile mashua ndogo, na mshono wa chini ukaachia kidole kimoja zaidi. Mgeni rasmi alimpungia Kitinda mkono. Kitinda, aliyelelewa vizuri, aliachia usukani mara moja akampungia pia.