Yowe la Fundi

Kitinda mimba wa Fundi alikuwa anatengeneza filamu ya kutisha, hadithi nne ndani ya hospitali moja ya wagonjwa wa akili, na Fundi alimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa gauni. Hata wa kupunguza suruali aliambiwa. Mtoto wa kike akisema "anza", watu wazima wenye ndevu zao wanaanza: mama gani angenyamaza? Majivuno ya namna hiyo hayana dhambi.

Hospitali iliwapa jengo lake kuukuu lisilotumika, kwa sharti moja: pasipigwe mayowe. Ng'ambo ya ukuta kulikuwa na wagonjwa wa kweli, wanaohitaji kupumzika, si kutishwa na waigizaji. Basi filamu nzima ilipigwa kimyakimya. Waigizaji walikimbia pekupeku, wakapanua vinywa, wasitoe hata mguno. Sauti zingerekodiwa baadaye kwenye chumba cha Fundi cha kushonea, maana majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini yalimeza mwangwi wote.

Hadithi tatu za kwanza zilipata mayowe yake bila shida, kwa kuwa zilijaa mizuka na damu. Ya nne haikuwa na mzuka. Mwanamke amelazwa, anawaona jamaa zake dirishani, nao wanapita kana kwamba hawamjui. Anapiga yowe, basi. Mfadhili wa filamu alishasema wazi: yowe lisipomsimamisha nywele, hadithi hiyo anaikata, tatu zinatosha.

Na hiyo ndiyo Fundi aliyoipenda, kwa sababu ilikuwa yake. Alilazwa hospitali ile ile binti akiwa mchanga, usingizi ulipomhama na akili ikaufuata. Akatibiwa, akapona, akarudi. Mumewe, Mwalimu, aliwaambia majirani kwamba mkewe amesafiri kwa dada yake, na uongo huo akautunza mpaka akastaafu nao. Binti alipokua, Fundi mwenyewe ndiye aliyemweleza ukweli.

Jumapili moja mchana mwigizaji alisimama katikati ya majora akapiga yowe. Lilikuwa zuri, yowe la mtu aliyeona mende bafuni. Akarudia, akarudia tena, mpaka koo likakauka akaomba maji. Hana lawama, kitanda usichokilalia, kunguni wake huwajui.

Fundi alitoa pini alizokuwa amezibana midomoni. "Mwanangu, hebu nijaribu mimi."

"Mama, si lazima."

"Najua si lazima. Kule sikuwahi kulipiga. Niliogopa wakinisikia hawatanirudisha nyumbani. Nikajikaza, nikatoka nalo."

Akasukuma cherehani pembeni, akafumba macho. Sauti ilianzia chini, kama ya mtu anayeita wa nyumbani kwake, ikapanda, ikaendelea kupanda, mpaka mwigizaji akakaa sakafuni bila kujua amekaa. Binti alisahau kuzima mashine ya kurekodi. Majirani walikuwa wameshajaa uani, na Mwalimu alikuwa mlangoni, ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

"Ni mambo ya sinema tu," aliwaambia watu. "Rudini makwenu."

Walipoondoka akamgeukia binti. "Mwishoni mwa filamu usiandike jina la mama yako. Watu watauliza sauti ile aliijulia wapi."

Fundi aliumia, na hakuficha. "Acha waulize. Nimeumwa, nimepona, nimelea, nimeshona nguo za nusu ya mtaa huu. Aibu iko wapi hapo?"

"Nilikuwa nakulinda, mke wangu."

"Ulijilinda wewe, Mwalimu. Mimi ulinificha." Kisha akamwambia binti, "Andika jina langu lote, mpaka la babu."

Mwalimu akavaa ile ndala ya pili. Tangu hapo wakikaa mezani alizungumzia mvua.

Siku ya onyesho mtaa mzima uliingia ukumbini. Fundi alikuwa amejishonea gauni lenye mabega mapana kiasi kwamba waliokaa nyuma yake walilalamika. Watu walishtuka hadithi ya kwanza, wakacheka ya pili, ya tatu wakashikana mikono. Ya nne ilipoanza, Fundi alimwangalia mumewe kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetafuta mlango. Majina yakianza atatoka tu, na akitoka, wote watajua anamwonea haya mkewe.

Yowe likapasua ukumbi. Hakuna aliyecheka. Jirani wa kiti cha mbele aligeuka, macho yamejaa machozi.

"Jamani, huyo mama kaitoa wapi sauti hiyo?"

Mwalimu akasimama. Lakini mzee hakwenda popote.

"Ni sauti ya mke wangu," alisema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Alilazwa pale pale, mimi nikawaambia kasafiri. Hakusafiri. Niliona haya, na haya ile ilikuwa yangu, si yake."

Fahari ilimpanda Fundi mpaka shingo ikanyooka. Alijivunia binti yake, akajivunia koo lake mwenyewe, na akamjivunia hata huyu mkaidi aliyechelewa.

Jirani alimkodolea macho Mwalimu. "Na alipona?"

"Muulize mwenyewe, si huyu hapa."

"Nilipona," alisema Fundi. "Mwalimu, kaa chini. Unawaziba watu, na jina langu linakuja."