Picha Isiyo na Chenga

...na sukari je, kinyozi bado anaweka au ameacha, mara ya mwisho alisema amekatazwa, au aliyesema vile alikuwa daktari wa meno, hapana, daktari wa meno ndiye anayewakataza watu sukari kutwa nzima kule kliniki kwake, halafu akija hapa anachota vijiko kama anajenga kichuguu, haya, amimine tu, anayetaka sukari ana mikono yake, chupa ya chai ilikuwa nzito na kifuniko chake hakikazi vizuri, na huko nyuma yake mhasibu alikuwa anasoma simu kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, "Jamani tulieni nisome, kampuni inasema mwakani inatoa kasha la filamu tano za zamani, zote zimesafishwa upya, picha na sauti, nne wamezitaja, ya tano wamebana, wameweka kipande tu cha picha tukisie," na kinyozi, "Kipande gani, hebu lete hapa," na daktari wa meno, "Taratibu wewe, utaangusha simu ya watu," na yeye mwenye nyumba hakugeuka, aliendelea kumimina, kwa sababu moyo ulishamwambia kabla ya masikio, ya tano ni Ya Stesheni, itakuwa nini tena, ameingoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi, wenzake hawa hawakumbandika jina la Bwana Subira kwa bahati mbaya, kila mmoja wao akinunua filamu mbio mbio yeye husema subiri, toleo zuri laja, subira yavuta heri, na wao hucheka, na siku moja kinyozi akamjibu, ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, wakacheka tena, na mkewe akacheka nao kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, kiti kilekile alichokaa sasa, uso ameuelekeza kwenye mwanga kwa sababu mwanga ndio aliobakiwa nao, mwanga na vivuli, akisikiliza, mikono mapajani, na yeye alimsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake, akasema "Asante, baba watoto."

"Itakuwa ile ya mwizi wa farasi," kinyozi alisema, "nakwambia, niko tayari kunyoa kichwa changu mwenyewe kwa wembe butu," na daktari wa meno, "Ile ya farasi hati zake zina ugomvi, watoto wa mwenye filamu wanashtakiana, hutaiona mpaka uzikwe," na mhasibu, "Mimi nasema Ya Stesheni," basi, limetajwa, na vijiko vikagonga vikombe, na Bwana Subira akahisi kitu kikimshuka kifuani, haikuwa furaha, ajabu, siku zote alidhani ingekuwa furaha... Ya Stesheni, jina lake kamili hata hawalitumii, hawahitaji, mwanamke anauza tiketi kwenye kibanda, steringi anakuja kila siku kuulizia treni asiyoipanda, hadithi ndogo tu, na ile jioni ukumbi wa sinema ulikuwa umejaa, na yeye hakuja na huyu binti, alimkuta tu kwenye kiti cha jirani, binti mwenye kikohozi aliyekuwa akijiziba mdomo kwa leso ili asiwasumbue watu, na filamu ilifika pale steringi amesimama na sanduku lake, treni inapiga honi, mwanamke anamtazama kupitia kile kidirisha, na umeme ukakatika. Watu walipiga miluzi, walipiga viti, meneja alitoka na tochi akaapa kesho wote wataingia bure, na kesho yake walipokwenda bango lilishabadilishwa, filamu imeshapelekwa mji mwingine, wakabaki wamesimama mlangoni wawili peke yao kama wajinga, yeye na binti wa kikohozi, binti akamwuliza, "Wewe unaonaje, alipanda?" naye akasema, "Hakupanda, steringi gani atamwacha mwanamke kama yule?" na binti akasema, "Huwajui wanaume wenzako, alipanda," wakabishana njia nzima, wakapita nyumba ya binti bila kuiona wakalazimika kurudi, na ubishi huo ndio uliowaozesha, kusema kweli, wala si mshenga. Wakigombana ndani, siku zile, mmoja angenuna, mwingine angeuliza taratibu, "Hivi alipanda?" na kununa kukaishia hapo.

Sasa, anayejua kazi yake ataelewa, alijiambia, hapana, ataelewa nini, hakuna wa kuelewa, lakini alikuwa mpiga chapa, miaka yote hiyo mikono kwenye wino, karatasi ikitoka na doa dogo la kucha anaitupa, bosi anafoka, karatasi hizo zinalipiwa, naye anaitupa tu, mtu wa namna hiyo utampa picha yenye chenga aikalie na kuitazama? Kanda ya kwanza ya Ya Stesheni aliyoipata ilikuwa chenga tupu, nyuso zimekatikakatika kama mchele wa bei rahisi, treni huioni unaisikia, akaiweka kabatini, akamwambia mkewe subiri, hii si ya kuangalia, nitapata nzuri. Ikaja diski, lakini pembeni wameikata, kibanda chote hakionekani, akasema subiri. Likaja toleo la jalada gumu, zuri, bado liko ndani ya nailoni yake mpaka leo, hakulifungua kwa sababu wiki ileile alisikia kuna lingine njiani bora zaidi, na ukishafungua nailoni, basi, thamani imekwenda. Na mkewe akiuliza, si kwa ugomvi, anauliza huku anakunja nguo, anauliza huku anamsuka mtoto, "Lini sasa tutaiona?" na jibu ni lilelile. Alikuwa anampiga chenga mkewe kwa sababu ya chenga, na alijiona mwungwana, alijiona mtu anayemtunzia mkewe kitu kizuri... Majuto mjukuu, husemwa, huja kinyume, wake amekuja mapema na amekaa kitako.

Na la kwa daktari wa meno je, lile halisemi kwa mtu. Walikuwa wanaume watupu, daktari alikuwa amepata nakala kutoka kwa msafiri fulani, akawaita, naye alikwenda, alijiambia anakwenda kukagua tu ubora, mkewe alikuwa na mtoto mwenye homa nyumbani, na alikaa akaiangalia, chenga zake zote, mpaka mwisho, akauona mwisho ambao walikuwa wameutafuta wawili. Alirudi na uso wa mtu aliyekula peke yake. Mkewe akamfungulia mlango na mtoto begani, "Haya, alipanda?" na yeye, na kicheko juu, "Sikwambii! Utaiona mwenyewe, kwa picha safi," na mkewe akamtazama, siku zile macho yalikuwa yanatazama, akasema, "Haya bwana," akarudi chumbani na mtoto. Angemwambia tu. Neno moja. Ingegharimu nini.

"Shika basi uone mwenyewe," kinyozi alikuwa anamwambia mhasibu, "hilo ni koti," "Si koti, ni kofia," daktari wa meno alisema, "kofia ya mkuu wa stesheni, kwa hiyo ni Ya Stesheni, nimemaliza," na Bwana Subira alisogea na chupa kwa mhasibu, akachungulia simu bila kutaka, kipande cha ubao, mkono wa mwanamke, na kitu cheusi kirefu, hata yeye hakukitambua, alijaribu kukumbuka lakini alichokumbuka kilikuwa chenga, na neno hilo likamrudisha mahali asipopenda kwenda, ile jioni mkewe aliposema, wakiangalia taarifa ya habari, "Mbona televisheni ina giza pembeni?" na yeye akainuka kwa bidii, mtu wa mashine, akabadili kebo, akageuza antena, wiki iliyofuata mkewe akasema giza bado lipo, akafungua deki ya kanda, akasafisha kichwa chake cha kusomea kwa spiriti na pamba, akapuliza, akafunga, "Je, sasa?" na mkewe, "Afadhali kidogo," pengine kwa kumhurumia, na mwisho akanunua televisheni mpya kabisa, kubwa, aliibeba na kinyozi wakipokezana, akaiwasha, rangi kama ua, akamwuliza tena, na mkewe akasema, "Baba watoto, giza limehama nayo." Presha ya macho, alisema daktari wa macho, huanzia pembeni, ikaja polepole, mngewahi ingesimama hapo, kwa nini hamkuwahi, na yeye alikuwa na jibu lakini nani angelitamka mbele ya mganga, nilidhani ni kebo. Hakulia mle ndani. Alilia baadaye, bafuni, bomba akiwa amelifungulia.

Kwa hiyo itoke mwakani, isitoke, ina faida gani, mwangaza wote huo, kila tone la mvua linahesabika, wamesafisha doa kwa doa kama alivyotaka, amngojeze nani sasa, atamkalisha mkewe mbele ya kioo amwambie tazama? "Shemeji," daktari wa meno aliita, kwa adabu yake ya kutomwacha mtu nje ya mazungumzo, "tuamue wewe, sisi tumeshindwana, kuna ubao, kuna mkono wa mwanamke, mkono una pete pana, na kuna kitu cheusi kimelala, huyu anasema koti, mimi nasema kofia," na mke wa Bwana Subira akageuza uso kidogo kuelekea sauti, akatabasamu, akasema polepole kama mtu anayetafuta kitu ndani ya mkoba wake, "Ubao ni benchi hilo. Basi si koti wala kofia, ni mwavuli. Ule aliouacha steringi. Treni imeshakwenda, yule mwanamke anatoka kibandani, anauokota, umeloa upande mmoja tu, kwa sababu mvua ilikuwa ya ubavu, na ule upande mkavu ndio aliouweka shavuni," na kinyozi akapiga paja, "Mwavuli! Wallahi mwavuli, ona kipini hiki!" na mhasibu akapanua picha kwa vidole viwili, "Shemeji kakata mzizi wa fitina," na daktari wa meno akasema, "Mimi nimeiona mara ngapi sijui, hilo la upande mmoja sikuwahi kuliona, kwangu ilikuwa chenga tupu," wakacheka, wakaanza kubishana bei, kama itauzwa kasha zima au mojamoja.

Yeye alisimama na chupa. Treni imeshakwenda, alisema mkewe. Imeshakwenda. Wao wawili waliishia kwenye honi, umeme ukakatika, na yeye hakumsimulia, na hakuna wa kusimulia jambo kama hilo la shavuni, hilo mtu anaona, na hata kuliona sharti usogee, sharti ukae chini karibu kabisa na kioo, uivumilie mikwaruzo... ile kanda mbovu. Alikumbuka. Alikuwa amesafiri kwenda kutafuta nakala nzuri, siku kadhaa, akarudi mikono mitupu, akafungua kabati akakuta kanda imewekwa kichwa chini, akawafokea watoto, aliwapanga mstari wanawe wale pacha wawili akawauliza nani kagusa, nani, wakaapa, akawanyima televisheni, na mkewe kutoka jikoni alisema, "Waache watoto, mimi ndiye niliyekuwa napangusa vumbi," akaamini, vumbi! Kumbe aliiangalia. Mchana, watoto shuleni, peke yake, akajua alipanda, alishinda ule ubishi wao wote wa tangu mlangoni pa sinema na hakudai ushindi wake, siku mume aliporudi kwa daktari wa meno na kicheko chake cha sikwambii alikuwa anajua, au alijua baadaye, ipi ilitangulia, safari au ile jioni, hakumbuki, haidhuru, maana baada ya yote mawili bado aliendelea kuuliza, mwaka baada ya mwaka, na nguo mkononi, na nywele za mtoto mkononi, lini tutaiona, lini. Mtu aliyeshaona mwisho. Alikuwa anauliza nini?

"Kwangu usiongeze," mkewe alisema, kwa kuwa alimsikia amesimama karibu, akafunika kikombe kwa kiganja, na kando yake, kwenye kiti cha pili cha dirishani, amekaa kinyozi, anamwonyesha kwa mikono miwili urefu wa ule mwavuli, amesahau kwamba haonwi, na mkewe anaitikia, eeh, eeh, anacheka, uso wote umefunguka, na Bwana Subira akautazama uso ule akauelewa kwa kuchelewa, hakuwa anaulizia picha, picha alikuwa nayo, alikuwa anamwulizia yeye, mtu wa kukaa kiti cha jirani, na mtu huyo alikuwepo siku zote hizo, hakwenda popote, alikuwa chumba cha pili akipangusa majalada. Alitaka kukaa. Alitazama huku na huku na chupa mkononi, mhasibu kwenye kochi, daktari wa meno kwenye kochi, kinyozi hapo, viti vyote vilikuwa na wageni, na mhasibu akaendelea kusoma, "Wanasema tarehe kamili wataitangaza."